Majaji Wajadiliane Mbele Yetu

Mwezi wa Aprili 2025 Wakenya walibishana kwa siku nyingi kuhusu tamthilia ambayo wengi wao hawakuwa wameiona. Echoes of War, mchezo uliotungwa na Cleophas Malala, seneta wa zamani wa Kakamega, ulitarajiwa kuigizwa na Shule ya Upili ya Wasichana ya Butere katika fainali za Tamasha za Kitaifa za Drama na Filamu jijini Nakuru. Ulikuwa umeondolewa mashindanoni, Mahakama Kuu ikaagiza urejeshwe, kisha mtunzi mwenyewe akakamatwa usiku wa kuamkia siku ya onyesho. Asubuhi ya Aprili 10 wasichana walipanda jukwaani, wakaimba wimbo wa taifa, wakashuka na kwenda zao. Walilalamika kwamba hawakuwa na hadhira wala mitambo ya sauti, na mwelekezi wao, Malala huyo huyo, alikuwa mikononi mwa polisi. Nje ya ukumbi watu walikuwa wakitawanywa kwa vitoa machozi.

Upande wa sheria ulizungumziwa vya kutosha, nami nakubaliana na waliosema kwamba Kifungu cha 33 cha Katiba, kinacholinda uhuru wa ubunifu wa kisanaa, kilikanyagwa. Haikuwa mara ya kwanza. Mwaka 2013 shule hiyo hiyo ilizuiwa kuigiza Shackles of Doom, mchezo wa mtunzi huyo huyo, hadi Jaji David Majanja alipoamua kwamba uigizwe. Lakini katika kelele zote za mwaka 2025 kulikuwa na ukimya mmoja ulionisumbua zaidi ya kelele zenyewe. Waliopinga mchezo walisema ni uchochezi. Waliouunga mkono walisema ni ujasiri. Ni wachache mno waliouliza kama umeandikwa vizuri: kama wahusika wake wana uhai, kama mgogoro wake unakua au unarudiarudia, kama ule ufalme wa kubuni uliotoka vitani unatuonyesha jambo ambalo hotuba ya mwanasiasa haiwezi kutuonyesha. Tuliigombania tamthilia kana kwamba ni kijikaratasi cha kampeni.

Sidhani hili lilitokana na hofu ya siasa peke yake. Lilitokana pia na kutokuwa na mazoea. Nchi isiyo na desturi ya kukaa pamoja na kuijadili tamthilia mpya, hoja kwa hoja, mbele ya aliyeitunga, humwachia ofisa wa serikali nafasi ya kuwa mhakiki wa kwanza. Yeye hana haja ya kueleza chochote kuhusu muundo au lugha. Anachohitaji ni neno moja, na askari wa kulitekeleza. Kama mchezo ule ungekuwa umepita kanda nzima ukijadiliwa wazi, na mamia ya walimu, wazazi na wanafunzi wakajua wanachokipenda na wasichokipenda ndani yake, kuuita uchochezi kungekuwa kazi ngumu zaidi. Wangekuwapo mashahidi.

Tamasha za drama za shule na vyuo zilianza mwaka 1959, na ni vigumu kutaja jukwaa jingine katika Afrika Mashariki linaloibua tamthilia mpya nyingi kiasi hicho kila mwaka. Mchezo hutungwa, hufanyiwa mazoezi, kisha hupanda kutoka kaunti ndogo hadi kaunti, kutoka kaunti hadi kanda, na kutoka kanda hadi taifa mwezi wa Aprili. Kazi bora hualikwa kuigizwa mbele ya Rais. Ukiangalia wingi wa kazi, nguvu za vijana, na jinsi walimu wanavyojitolea usiku na wikendi, unatarajia kwamba taifa lenye jukwaa hili lingekuwa na hazina kubwa ya tamthilia zilizochapishwa, zinazorudiwa na zinazobishaniwa. Hazina hiyo haipo. Miswada mingi hufa kabla ya Mei.

Sababu ya vifo hivyo inaonekana ukikaa ukumbini na kuangalia kinachotokea pazia linapofungwa. Majaji wako mezani wanaandika. Hadhira ya wanafunzi, ambayo imecheka, imelia na imepiga vigelegele, inatolewa nje ili kundi linalofuata lipange vifaa. Baadaye mmoja wa majaji anasimama kwa niaba ya jopo, anatoa maoni ya jumla kuhusu sauti, matumizi ya jukwaa na mavazi, kisha matokeo yanasomwa na ukumbi unalipuka kwa furaha na machozi. Yaliyo ya kina yamo kwenye karatasi inayokwenda kwa mwalimu. Mtoto aliyekaa safu ya kumi, ambaye huenda ndiye mtunzi wa mwaka 2040, anaondoka akijua nani ameshinda na hajui kwa nini. Anachojua amekisikia ndani ya basi, kwa wenzake, na mara nyingi mjadala wa ndani ya basi ndio bora kuliko wote uliofanyika siku hiyo. Ni aibu kwamba tumeuacha huko.

Kwa watunzi madhara ni mabaya zaidi. Mtu anayepokea alama bila hoja hujifunza kuiga kilichopata alama. Ndiyo maana tumezoea kuona, mwaka baada ya mwaka, ule ufalme usio na jina, mfalme mwenye kicheko kikubwa, washauri wawili wanafiki, msichana mwadilifu anayejua kila jibu, na wimbo wa upatanisho mwishoni. Siwalaumu watunzi. Fumbo la ufalme limewahi kuwa kinga ya kweli katika nyakati ambazo kusema wazi kulimpeleka mtu kizuizini. Lakini hakuna mahali ambapo mtunzi anaulizwa hadharani: je, bado unahitaji kinga hii, au unaitumia kwa sababu iliwahi kumshindia mwenzako? Swali kama hilo likiulizwa mara tatu tu katika kanda moja, michezo ya mwaka unaofuata itabadilika.

Zipo nafasi ambapo watu huzungumza baada ya mchezo, na hapo kuna tatizo jingine. Anasimama mtu mwenye kipaza sauti na kuuliza, "Mmejifunza nini?" Mikono inainuka. Tumejifunza kwamba dawa za kulevya ni mbaya. Tumejifunza kwamba tuishi kwa amani. Makofi. Swali hilo limeenea kote, kuanzia michezo ya mashirika yanayopambana na ukeketaji hadi ile ya tume za serikali zinazotoa tuzo maalumu kwa kazi zinazozungumzia mada zao. Nalo ni swali linalouzima mjadala, kwa sababu linachukulia kwamba mchezo ni chombo cha kubebea ujumbe uliokuwa unajulikana tangu mwanzo. Hakuna anayeuliza kwa nini mama alinyamaza katika onyesho la tatu, au kama kifo cha mwishoni kilistahili.

Linanisikitisha zaidi kwa sababu asili ya mazungumzo haya katika eneo letu ilikuwa na hadhi kubwa. Mwaka 1982 na 1983 Penina Mlama, Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi, wote wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walifanya kazi katika kijiji cha Malya, Mkoa wa Mwanza. Hawakupeleka mchezo uliokamilika. Walikaa na wanakijiji, wakachunguza nao matatizo yaliyowagusa, yakiwemo mimba za wasichana wa shule na vijana kukosa kazi, na vijana wenyewe wakayageuza kuwa maonyesho kwa kutumia ngoma na sanaa walizozijua tayari. Onyesho lilizaa majadiliano, na majadiliano yakawa sehemu ya kazi yenyewe. Mwanakijiji alikuwa na mamlaka juu ya mchezo. Fedha za wafadhili zilipoongezeka katika miaka iliyofuata, mamlaka hayo yalififia, na mara nyingi majadiliano yakabaki kuwa mstari katika ripoti: watu kadhaa walihudhuria, watu kadhaa walichangia.

Uhakiki tulio nao kwa wingi ni wa aina nyingine kabisa. Ni ule wa miongozo. Mtoto wa Kidato cha Tatu anakutana na tamthilia kama Bembea ya Maisha ya Timothy Arege, au Kigogo ya Pauline Kea iliyoitangulia, kwa sababu imeteuliwa kutahiniwa katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari Kenya, na mara moja soko linajaa vitabu vinavyomweleza dhamira, maudhui, sifa za wahusika na mbinu za lugha. Hali haitofautiani sana Tanzania na vitabu vyake vya kidato cha nne na cha sita. Miongozo ina kazi yake, na baadhi imeandikwa na walimu makini. Lakini huu ni uhakiki unaofika tamthilia ikiwa imeshakauka. Imechapishwa, imeidhinishwa, haibadiliki. Mwanafunzi anafundishwa kuorodhesha kilichomo na hafundishwi kuuliza kama kilichomo kinafanya kazi. Anaweza kutaja mbinu rejeshi, yaani kurudi nyuma kwenye matukio yaliyopita, mara tano kwa mifano, na asiwe amewahi kukaa ukumbini na kuona mbinu rejeshi ikiwachosha watu.

Mahali pa kutafuta mfano wa kile ninachokitaka pako karibu, Limuru, mwendo wa chini ya saa moja kutoka Nairobi.

Miaka ya 1970 Kituo cha Elimu na Utamaduni cha Kamĩrĩĩthũ kiliwaomba Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ waandike mchezo. Waliuandika kwa Kigĩkũyũ, Ngaahika Ndeenda (Nitaolewa Nikipenda), na walichokifanya baadaye ndicho kinachopaswa kusomwa upya na kila mwandalizi wa tamasha. Muswada ulisomwa na kujadiliwa na watu wa kijiji. Kuchagua waigizaji kulifanyika wazi. Mazoezi yalifanyika wazi pia, na yeyote aliyepita aliweza kusimama, kutazama na kusema. Wazee waliwasahihisha wasomi wa chuo kikuu: mzee wa rika fulani hazungumzi hivi, methali hii haitumiki hapa. Mfanyakazi wa kiwanda cha viatu cha Bata aliwaeleza waigizaji wasiofanya kazi kiwandani jinsi kazi ilivyokwenda, wanazalisha kiasi gani, wanalipwa kiasi gani, na hesabu ya unyonyaji ikawa kitu wanachokijua wote. Mama mmoja asiyejua kusoma wala kuandika ndiye aliyewapa nyimbo za jadi za gĩtiiro neno kwa neno na sauti kwa sauti. Ngũgĩ ameyaeleza haya mwenyewe katika insha zake, na anayaeleza kama mtu aliyefundishwa.

Hapo uhakiki ulikuwa unafanyika kabla ya onyesho la kwanza, nao ulikuwa uhakiki kamili. Mzee aliyesema kwamba mhusika hazungumzi hivyo alikuwa anatoa hukumu ya kimtindo. Mfanyakazi wa Bata alikuwa anahoji ukweli wa mchezo. Na hadhira iliyoufuata mchezo kwa miezi, ikaona waigizaji wakikosea na kurudia, ilipofika siku ya kwanza, Oktoba 2, 1977, ilikuwa inajua kila wimbo. Haikuja kupokea ujumbe. Ilikuja kuona kama kazi yake imefaulu. Serikali ilifuta leseni Novemba 16, na Desemba 31 Ngũgĩ wa Thiong'o akapelekwa kizuizini, ambako alikaa karibu mwaka mzima. Mwaka 1982 serikali ilipiga marufuku kituo hicho na ukumbi wa wazi uliojengwa kwa mikono ya wanakijiji ukabomolewa. Mchezo uliporudi jukwaani Nairobi mwaka 2022, miaka 45 ilikuwa imepita. Ngũgĩ alifariki Mei 28, 2025, wiki chache tu baada ya vurugu za Nakuru, na katika rambirambi nyingi nilizozisoma alisifiwa kwa lugha, kwa jela na kwa tuzo ya Nobel aliyoikosa. Mbinu ya Kamĩrĩĩthũ, ile ya kuufungua mchezo ili watu waukosoe ungali mbichi, ilitajwa kwa kupita. Kwangu mimi huo ndio urithi wake mkubwa katika sanaa za maonyesho, na ndio tulioutumia kidogo kuliko wote.

Anaweza kusema mtu kwamba Kamĩrĩĩthũ ilikuwa kijiji kimoja na mchezo mmoja, na kwamba tamasha lenye mashindano lina mahitaji mengine. Ni kweli. Kwa upande wa mashindano nina mfano kutoka Ujerumani. Katika mji wa Mülheim, kwenye bonde la Ruhr, hufanyika tangu mwaka 1976 tamasha la tamthilia mpya za Kijerumani. Kamati huchagua michezo michache, saba au minane, kati ya ile iliyooneshwa kwa mara ya kwanza katika nchi zinazozungumza Kijerumani. Makundi huja kuiigiza mjini hapo. Kila onyesho hufuatwa na mazungumzo kati ya hadhira, mtunzi na waigizaji. Tuzo, ambayo ina thamani ya yuro 15,000, hupewa maandishi. Uzuri wa mavazi au wa mwigizaji fulani hauhesabiwi, na majaji hulazimika kuutenganisha mchezo na onyesho lake, jambo gumu kweli kweli.

Usiku wa mwisho majaji hukaa jukwaani, wakiwa na vipaza sauti, na kujadiliana mbele ya watu. Kila mmoja anaeleza kwa nini mchezo huu ubaki na ule utolewe. Wanapingana. Wanapunguza orodha hadharani, kisha wanapiga kura, na kila mtu ukumbini anajua jaji yupi ameuchagua mchezo upi na kwa hoja gani. Elfriede Jelinek, Mwaustria aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 2004, ameshinda Mülheim mara nne kwa maandishi ambayo mara nyingi hayana majina ya wahusika wala majibizano ya kawaida, kurasa na kurasa za maneno yanayotiririka. Hebu fikiria jaji anayetaka kuyapa ushindi maandishi ya namna hiyo akiwa amefungiwa chumbani. Anaandika alama, basi. Sasa mfikirie akiwa mbele ya mamia ya watu wa mji wa viwanda, akilazimika kuwaeleza kwa nini hii nayo ni tamthilia. Maelezo yake ni somo kwa kila kijana anayeandika, na pia kwa yule anayebaki akiamini kwamba jaji amekosea.

Sitaki kuipamba Mülheim kupita kiasi. Inaendeshwa kwa fedha za umma ambazo kaunti zetu hazina, na mjadala wa majaji wake ni wa wataalamu, wenyeji wakisikiliza, ingawa hadhira nayo ina tuzo yake. Lakini kitu kimoja walichokifanya hakihitaji hata senti: walikubali kwamba hukumu isiyo na hoja zinazosikika haimfundishi mtu chochote.

Wamarekani nao wana kituo cha O'Neill huko Waterford, Connecticut, kilichoanzishwa mwaka 1964, ambako tamthilia mpya husomwa na kufanyiwa kazi kila kiangazi kabla ya kuingia kumbi kubwa. August Wilson, ambaye kazi zake za awali zilikataliwa hapo, alipokelewa mwaka 1982, na ndipo njia yake ya kitaifa ilipofunguka. Linalonivutia zaidi ni kwamba tangu mwaka 1968 kituo hicho kina mafunzo ya wahakiki. Vijana wanaojifunza kuandika uhakiki wanaishi mahali pamoja na watunzi, wanatazama mchezo jioni, wanaandika usiku, na asubuhi maandishi yao yanachambuliwa kama tamthilia inavyochambuliwa. Mhakiki anajua kwamba atakutana na mtunzi mezani kwenye staftahi. Hilo humfanya awe mwangalifu, na halimfanyi awe mwoga kama amefundishwa vizuri.

Wapo pia wanaopendelea utaratibu alioubuni mcheza dansi Liz Lerman mwaka 1990, ambapo hadhira husema kwanza kilichowagusa, kisha mtunzi anauliza maswali yake, kisha hadhira inauliza maswali yasiyoficha hukumu, na mwisho anayetaka kutoa maoni huomba ruhusa ya mtunzi. Ni utaratibu mzuri mchezo ukiwa bado katika mazoezi, na mwalimu yeyote wa drama anaweza kuutumia darasani kesho. Ila mchezo ukishashindana hadi ngazi ya taifa na ukalipiwa kiingilio, nadhani mtazamaji ana haki ya kusema bila kuomba ruhusa.

Karibu na kwetu, Tamasha la Kimataifa la Michezo ya Kuigiza la Kampala, lililoanza mwaka 2014 kwa ushirikiano wa Bayimba, shirika la sanaa la Uganda, na Sundance, taasisi ya sanaa ya Marekani, limeonyesha kwamba watunzi wa ukanda huu wanaweza kukutana, kusomeana kazi ambazo hazijakamilika na kuzungumza na hadhira baada ya onyesho. Kabla ya hapo Sundance ilikuwa imewaleta watunzi wa Afrika Mashariki kwenye kisiwa cha Manda, Lamu, kwa ajili ya kazi kama hiyo. Kasoro ninayoiona ni ya lugha na ya ukubwa. Ni mkusanyiko wa wasanii na wapenzi wa sanaa wa mjini, kwa sehemu kubwa kwa Kiingereza. Tamasha za shule zina kitu ambacho Kampala haina: maelfu ya wazazi, madereva wa mabasi, wapishi na walinzi ambao hutazama michezo hiyo kutoka milangoni na madirishani. Mjadala ukifanywa kwa Kiswahili, hata kama mchezo wenyewe ulikuwa wa Kiingereza au Kifaransa, hao nao wataingia. Na ninaamini mpishi wa shule aliyeutazama mchezo ukifanyiwa mazoezi miezi mitatu ana jambo la kumwambia mtunzi.

Pingamizi ninalolisikia mara kwa mara ni la adabu. Inasemekana kwamba sisi hatukosoani hadharani, kwamba kumwambia mwalimu mbele ya wanafunzi wake kuwa onyesho lake la pili limelegea ni kumvunjia heshima. Siafiki. Washairi wa Kiswahili wamejibizana hadharani kwa karne nyingi, kwa vina na mizani, kwa ukali ambao ungewashtua wengi wa leo, na bado walibaki marafiki au angalau majirani. Magazeti yakabeba malumbano hayo. Ugomvi wa mashairi huru, uliopamba moto katika miaka ya 1970 baada ya Euphrase Kezilahabi kutoa diwani yake Kichomi mwaka 1974, ulikuwa uhakiki wa umma wa hali ya juu kabisa. Watu walibishana juu ya shairi ni nini. Walioshikilia vina na mizani walitoa sababu zao, waliovikataa nao wakatoa zao, na hadi leo mtu akiandika utungo usio na vina anajua ni maswali gani yanamngoja. Ushairi wetu ulipata uti wa mgongo kutokana na ugomvi ule. Tamthilia haijawahi kupewa ugomvi kama huo nje ya majarida ya vyuo vikuu.

Kuna hofu moja ya adabu ambayo naiheshimu, nayo inahusu watoto. Msichana wa miaka 15 aliyeigiza kwa moyo wake wote hapaswi kusimamishwa ukumbini ili mtu mzima aseme kwamba sauti yake ilikwama. Ndiyo maana mjadala uelekezwe kwenye maandishi, na anayejibu awe mtunzi, ambaye kwa kawaida ni mtu mzima. Hapa kuna jambo la kurekebisha kwanza. Katika tamasha zetu jina la shule hung'aa na jina la mtunzi hufifia, hasa pale shule inapomwajiri mtunzi kutoka nje. Mwaka 2025 Waziri wa Elimu Julius Ogamba alihoji kwa nini mtu asiye mwalimu alihusika na mchezo wa wanafunzi. Dawa ya wasiwasi huo si kuwafukuza watunzi wasio walimu. Jina la mtunzi liandikwe kwenye programu, litangazwe kabla ya mchezo, na mwenye jina akae ukumbini tayari kuulizwa. Mtunzi anayejua kwamba ataulizwa mbele ya wazazi kwa nini ameweka maneno fulani kinywani mwa mtoto wao ataandika kwa uangalifu ambao hakuna kamati ya uteuzi inayoweza kuulazimisha.

Kisha majaji. Baada ya michezo yote ya ngazi fulani kuigizwa, wakae jukwaani jioni ya mwisho wajadili michezo mitatu au minne iliyowagawanya zaidi. Wasizungumze kwa sauti moja ya jopo. Kila mmoja aseme lake, wapingane, na mkuu wa jopo asipewe nafasi ya kusema wa kwanza, kwa sababu mkubwa akishasema wengine wote watamfuata. Baada yao kipaza sauti kiende kwa hadhira, na anayekishika azuiwe kabisa kuuliza tumejifunza nini. Aulizwe: ni wapi ulisahau kwamba unatazama mchezo? Ni wapi ulikumbuka? Nani kati ya wahusika ungependa kumsikia zaidi, na mtunzi alimnyamazisha kwa nini? Haya ni maswali ambayo mtoto wa Gredi ya Nane anaweza kuyajibu na profesa akabaki anafikiri.

Na wawepo vijana wanne au watano, wanafunzi wa vyuo, waliopewa kazi moja tu ya kuandika. Watazame asubuhi, waandike usiku, kazi yao ibandikwe mlangoni mwa ukumbi kesho yake watu wakiwa kwenye foleni ya kuingia. Walipwe. Vyuo vyetu vinafundisha nadharia za uhakiki kwa miaka minne na wahitimu wanatoka bila kuwa wamewahi kuhakiki mchezo ambao watazamaji wake wangali wanaubishania.

Nimeambiwa kwamba ratiba haina nafasi, kwamba fainali zimejaa kuanzia asubuhi hadi usiku. Basi tusianzie kwenye fainali. Kuna mashindano ya kanda kabla ya Aprili, na kanda yoyote inaweza kulijaribu jambo hili bila kungoja agizo kutoka Nairobi. Inahitaji jioni moja baada ya matokeo kutangazwa, ukumbi ambao tayari umekodiwa, majaji walio tayari kusema wamepiga kura ipi, watunzi wa michezo mitatu, nakala za miswada zilizopigwa chapa kwa ajili ya wanaotaka kusoma, na milango iliyoachwa wazi kwa yeyote anayetaka kuingia.